Kumasta albamu ya bendi: uzoefu wangu

Albamu yetu imesharudi kutoka kwa fundi wa masta, yaani yule anayesawazisha sauti ya nyimbo zilizokwisha kuchanganywa kabla hazijatoka, nimeisikiliza kwenye spika za studio, kwenye daladala, kwenye kisimu changu cha bei rahisi, sasa naweza kusema.

Kitu cha kwanza jamaa alitukatalia faili. Prodyuza wetu alikuwa ameshapandisha sauti mpaka juu kabisa kwa limita, kile kifaa kinachobana sauti isipite kiwango fulani, fundi akasema toa hiyo limita, nileteeni WAV ya biti 24, faili lisilopunguzwa ubora, kilele cha sauti kiishie kwenye -6 dB hivi, na mp3 sitaki kuiona. Halafu akasema kuna wimbo gitaa la besi na ngoma kubwa vinagombania sehemu moja, hiyo kamalizeni kwenye miksi, pale vyombo vinapochanganywa, maana vikishachanganywa yeye hana pa kuvishikia. Hapo ndo nikajua tumepata mtu.

Tofauti ipo ila msitegemee muujiza. Tulirekodi studio mbili, nyimbo za kule zilikuwa zimefifia, za huku zinachoma masikio kila muimbaji akitamka s, sasa zinafuatana vizuri tu huinuki kugusa volyumu. Mpiga drams wetu anasema hasikii tofauti yoyote lakini huyo kakaa karibu na matoazi miaka mingi mno.

Kuna washkaji wananiambia masta yetu iko chini haipigi kama za wengine. Sasa Spotify kwa kawaida inazishusha nyimbo zenye sauti kubwa hadi kama -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), ukiikandamiza yako ili ipige juu unapoteza mapigo bure. Metallica, bendi ya metali ya Marekani, walitoa albamu ya Death Magnetic mwaka 2008, mashabiki wao wenyewe wakalalamika sauti inakwaruza, wakaja kugundua zile nyimbo kwenye gemu la Guitar Hero zinasikika safi kuliko kwenye CD kwa sababu kule hazikubanwa vile, na ile ni bendi yenye hela zake.

Panaponiuma ni remasta, yaani kumasta upya, albamu yetu ya zamani. Kompyuta ya studio ya enzi hizo ilikufa na miksi zote, tukabaki na CD iliyobanwa mpaka mawimbi yamekatwa vichwa. Fundi alituonya mapema, akapunguza makali, akasawazisha kidogo, basi. Bei ileile kwa kila wimbo. Kama miksi za asili unazo lipia remasta, kama una mp3 uliyotumiwa WhatsApp hiyo hela kanywe soda.