Skini za mabaka kwenye Counter-Strike 2: anza na bunduki ipi?

Agosti 2023 JWTZ iliwapa raia siku 7 wasalimishe mavazi yote yanayofanana na sare za jeshi, kwa hiyo ukikatiza Mwanga au Ujiji pale Kigoma na suruali ya mabakamabaka unajitafutia kesi. Kwenye Counter-Strike 2, gemu ya kupigana risasi kwa timu, ni ruksa: unanunua skini, yaani rangi ya kuvalisha bunduki yako, tena kwa hela ndogo. Ila tuelewane: skini haikufichi porini wala haiongezi makali ya risasi. Ni pambo, basi nunua pambo utakaloliona kila siku.

Kwa kigezo hicho namba moja kwangu ni AK-47 Jungle Spray. AK ni dola 2,700 za ndani ya gemu, na ukiwa upande wa magaidi ndiyo utakayoishika raundi nyingi. Kijani chake kimetulia, hakichoshi macho.

Ya pili, AWP Safari Mesh, ya bunduki ya kudungulia kwa mbali. Hii wengi huiponda kwamba ni mbaya, na kweli ile rangi iliyopulizwa juu ya wavu wa uzio haina urembo wa kutambia. Lakini AWP inanunuliwa pande zote mbili, kwa hiyo skini moja inakutosha. Kilichoishusha ni bei ya bunduki yenyewe, 4,750. Ukiwa unapoteza raundi utaisikia tu kwa jirani.

Ya tatu M4A1-S Boreal Forest, kwa wapenda kijani kilichoiva. Ya nne Desert Eagle Urban DDPAT, vijiraba vya kijivu kwenye bastola ya 700. Glock-18 Sand Dune naiweka mkiani: ni rangi moja ya mchanga, mabaka hayamo.

Sasa uchakavu, maana hapa ndipo watu wanapopigwa. Kila skini ina namba ya uchakavu kati ya 0 (mpya kabisa) na 1 (imechoka kabisa), na haibadiliki hata uitumie miaka. Chini ya 0.07 ni Factory New, hadi 0.15 Minimal Wear, hadi 0.38 Field-Tested. Safari Mesh inaanzia 0.06, kwa hiyo Factory New yake imebanwa kwenye kijinafasi chembamba mno na bei inaruka. Unalipia kitu ambacho laptopu iliyoshushwa picha ili gemu isigande haitakuonyesha. Field-Tested ya 0.16 na Minimal Wear ya 0.14 ni kama mapacha. Tafuta ya kwanza. Ifungue uikague kabla ya kulipa, uangalie kingo na mtutu, kwa sababu rangi ya kupuliza huanza kubanduka huko. Battle-Scarred, daraja lililochakaa kuliko yote, achana nayo, utabaki na chuma kitupu.

Usifungue kasha, lile sanduku la bahati nasibu la kwenye gemu, kutafuta hizi. Ufunguo peke yake ni dola 2.49, na mabaka ya daraja la chini hayatoki kwenye makasha ya silaha. Yanatoka kwenye makusanyo ya ramani, yaani mafungu ya skini yaliyopewa majina ya viwanja vya gemu.

Nunua kwenye soko la Steam lenyewe, duka la mtandaoni linalotoa gemu hii, bei ni za dola na zinapanda na kushuka, hivyo angalia siku hiyohiyo. Jamaa wa kwenye grupu anayesema "nitumie hela kwa simu nikurushie skini sasa hivi" mwache. Skini iliyotoka sokoni inafungwa siku 7 kabla ya kubadilishana, kwa hiyo kama ameinunua jana hawezi kukurushia leo.