Civitavecchia au Valletta: mwanamuziki ashuke wapi?

Vijana ninaofanya nao mazoezi hapa Nairobi, wakipata kandarasi ya kupiga muziki kwenye meli za kitalii za Mediterania, huniuliza kwanza kuhusu Roma. Nawaelewa. Lakini meli haifiki Roma. Hufunga gati Civitavecchia, kilomita 80 hivi kutoka jijini, karibu kama kutoka hapa hadi Naivasha. Treni huchukua takriban saa moja. Ukiwa na siku nzima, nenda ukaione Colosseum, ule uwanja wa kale wa Warumi, kisha urudi mapema. Ukiwa na mazoezi ya jukwaani saa tisa alasiri, usithubutu: meli haimngojei mwimbaji.

Valletta, Malta, ni habari nyingine, na kwa saa nne za ruhusa mimi naichagua bila kusita. Meli hutia gati chini ya kuta za mji wenyewe. Lifti ya Barrakka, yenye kimo cha mita 58, hukupandisha hadi bustanini, ambapo mzinga hupigwa saa sita mchana. Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi kanisa la Mtakatifu Yohane, lenye mchoro mkubwa wa mchoraji Mwitaliano Caravaggio wa mwaka 1608. Nilisimama mbele yake hadi nikasahau uchovu wa maonyesho mawili ya usiku uliotangulia.

Halafu lugha! Kimalta kina asili ya Kiarabu, na sikio letu hushtuka: sita ni "sitta", kitabu ni "ktieb". Nilipomhesabia muuza matunda kwa Kiswahili, aliniongezea chungwa.