Waliotutengenezea bwawa Ruai: ukaguzi safi, ujenzi wa kusukumana

Sisi wakulima wa sukuma wiki na spinachi huku Ruai, Nairobi, tuna bwawa kuukuu la udongo linalozuia mafuriko yasituingilie shambani. Mvua za 2024 zilipolijaza hadi karibu na ukingo, usingizi ulituruka. Nani amesahau Solai, kule Nakuru, Mei 2018? Bwawa lilipasuka usiku likaua watu zaidi ya 40. Tukachanga, tukaita kampuni ya wahandisi. Jina nitampa atakayeniuliza.

Ukaguzi niliupenda mno. Mzee aliyekuja alishuka upande mkavu wa tuta hadi pale panapovuja, akakinga maji kwa chupa ya glasi, akaiacha itulie. Maji yakiwa safi, akasema, si ya kutisha sana, tuta la udongo halikosi kuvuja kidogo. Yakitoka na tope, ujue udongo wa ndani unaliwa na njia inachimbika kuelekea upande wa maji. Chupa yetu ilibaki na tope kitakoni. Mgunga tunaopumzikia kivulini nao umepenyeza mizizi tutani, lakini alikataa tuung'oe bwawa likiwa limejaa. Na mfereji wa kutolea maji ya ziada, mtu alikuwa ameupanda nepia, yale majani ya ng'ombe! (Namjua, tunasali kanisa moja.)

Sasa ujenzi. Chini ya tuta waliweka chujio, mchanga kwanza kisha kokoto, ili maji yatoke na udongo ubaki. Hapo sina neno. Kasheshe ilikuwa juu: dereva wa katapila alianza kumwaga udongo mweusi wa hapa hapa, ule ambao kiangazi hupasuka hadi mguu ukazama, eti udongo unaofaa uko mbali. Tena aliumwaga rundo zima kwa mpigo, badala ya tabaka nyembamba, kulowesha kiasi, kushindilia, ndipo nyingine. Mama mweka hazina wetu alisimama mbele ya mashine mpaka ikazimwa. Walirudia kwa gharama yao, baada ya maneno mengi.

Nyota tatu na nusu. Kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji walikifuatilia wenyewe. Mkiwaita, andikeni kwenye mkataba udongo utatoka wapi na kila tabaka liwe na unene gani, na salio mlishikilie mpaka mvua inyeshe. Ripoti yao ni Kiingereza kitupu. Mwombeni yule mzee aje aieleze mkutanoni, ana subira ya kujibu hata maswali ya kina nyanya.