Umeme wa upepo Dallas: nilivyolipa zaidi kwa kutumia kidogo

Sisi tuliokulia kwenye TANESCO na LUKU, kuambiwa uchague nani akuuzie umeme ni jambo la kushangaza. Hapa Dallas ndivyo ilivyo tangu 2002: nguzo na waya ni za Oncor, lakini anayekuuzia umeme ni kampuni yoyote utakayoiteua, na zimejaa. Tulipohamia kwenye nyumba ya vyumba viwili nikachagua mpango ulioandikwa "asilimia 100 nishati jadidifu", senti 9.5 kwa uniti, mkataba wa miezi 12. Jina la kampuni naliacha, kwa sababu mtego wenyewe utaukuta kwa wengi.

Kwanza niondoe hofu ambayo kila mgeni wangu anayo: upepo ukitulia, taa hazizimiki. Umeme wa mitambo ya upepo ya magharibi ya Texas unaingia kwenye gridi ileile na wa gesi, kama ndoo za majirani kumi zilizomiminwa kwenye tangi moja. Hakuna anayejua kikombe chake kimetoka ndoo ya nani. Unacholipia ni cheti. Kila uniti 1,000 zinazozalishwa kwa jua au upepo zina cheti kimoja, na kampuni inanunua vyeti vya kutosha matumizi yako. ERCOT, wanaosimamia gridi, ndio wanaotunza daftari lake. Kuna wanaosema huo ni ukijani wa karatasi. Wana hoja, ila mimi naona ni afadhali senti zangu ziende huko.

Kilichonitoa jasho ni bei.

Zile senti 9.5 zilikuwa kweli, ila kwa mtu anayetumia uniti 1,000 kamili. Bei halisi ilikuwa senti 17, kisha ukifikisha 1,000 unapewa punguzo la dola 75. Usipofikisha, hupati hata senti. Mei tulitumia uniti 980, bili ikaja dola 166.60. Nilidhani wamekosea. Nikapiga simu, dada wa huduma kwa wateja akanieleza kwa upole kabisa kwamba tulipungukiwa uniti 20.

Oktoba nikawa macho. Mita za huku zinarekodi matumizi kila dakika 15 na unaweza kuyafuatilia kwa simu. Zikiwa zimebaki siku mbili mwezi wa bili ufungwe, tulikuwa kwenye 950 na ushei. Basi nikawasha oveni tupu. Nikakausha tena nguo zilizokwisha kukauka. Kiyoyozi kinanguruma, dirisha la sebuleni liko wazi. Mke wangu akasimama mlangoni akaniuliza, "Baba, uko salama?" Tukafunga na uniti 1,004, bili dola 95.68. Yaani nimetumia zaidi ya Mei na nimelipa dola 70 pungufu, kwenye mpango unaojiita rafiki wa mazingira!

Kuvunja mkataba kulikuwa na faini ya dola 150, nikavumilia. (Ukihama nyumba hawakutozi, na siku 14 za mwisho za mkataba unaruhusiwa kuondoka bure.) Mkataba ulipokwisha nikatafuta mpango mwingine, na safari hii nilisoma EFL, karatasi ya bei ambayo kila kampuni lazima iitoe. Inaonyesha wastani wa bei kwa uniti 500, 1,000 na 2,000, pamoja na asilimia ya nishati jadidifu. Nikatafuta iliyokuwa na namba moja mahali pote patatu: senti 14, asilimia 100 vilevile. Januari tulitumia uniti 640, nikalipa dola 89.60. Kwa mpango wa zamani ingekuwa 108.80. Agosti inaniuma kidogo, maana kwa uniti 1,700 nililipa 238, na kule ningelipa 214. Mwenye nyumba kubwa inayovuka 1,000 kila mwezi huenda akaupenda ule wa kwanza. Sisi hatumo.

Kuhusu wale waliopata bili za maelfu ya dola kwenye baridi ya Februari 2021, umeme ulipokatika Texas: hao walikuwa kwenye mipango inayofuata bei ya jumla ya soko, iliyopanda hadi dola 9 kwa uniti. Mwaka huohuo sheria ikapiga marufuku kuwauzia watu wa majumbani mipango hiyo. Na lawama kubwa ya giza lile ilikuwa ya gesi, si ya upepo, ingawa yote iliganda.

Juzi jirani yetu Mkongo amekuja na simu mkononi, ameona senti 8.9. Nikamwuliza, "Kaka, Februari mlitumia uniti ngapi?" Hajui. Tukafungua bili zake za nyuma pale pale jikoni: 710.