Tableti za kununua Kisumu na Nakuru, na zile zenye uzuri wa mkakasi

Nokia T20 ukiishika mkononi utaipenda. Mgongo ni wa alumini, skrini ya inchi 10.4 ina pikseli 2000 kwa 1200, betri ni ya mAh 8200. Sasa iwashe lile toleo la RAM (kumbukumbu ya muda inayobeba programu zilizo wazi) GB 3 na hifadhi GB 32, fungua Chrome, WhatsApp na PDF ya mitihani iliyopita, kisha rukaruka kati ya hizo tatu. Kila ukirudi, ukurasa unaanza kujipakia upya. Ukiandika, herufi zinatokea kidole kikishaondoka. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Tableti za namna hiyo zimejaa madukani Oginga Odinga Street kule Kisumu na Kenyatta Avenue kule Nakuru, na wanaozinunua wengi ni wazazi wa watoto wa sekondari ya msingi na wanafunzi wa Maseno, Egerton na Masinde Muliro, watu ambao hawatanunua nyingine kwa miaka mitatu au minne. Kwa hiyo mpangilio wa hapa chini hautazami wembamba wala rangi. Unatazama jambo moja: mwaka wa pili tableti hii itakuwa bado inatumika, au itakuwa imetupwa kabatini?

Kwa nini tableti mpya inakuwa nzito

Sababu kubwa ni hifadhi, na ndiyo isiyotajwa kabisa dukani. Tableti nyingi za bei nafuu hutumia hifadhi ya eMMC 5.1, inayosoma kama megabaiti 250 hadi 300 kwa sekunde na isiyoweza kusoma na kuandika kwa wakati mmoja. Fikiria daraja jembamba ambapo magari ya upande mmoja husimama ili ya upande wa pili yapite. Hifadhi ya UFS 2.2 husoma takriban mara tatu ya hapo, na njia zake ni mbili. Ndiyo maana tableti ya eMMC huganda hasa Play Store inaposasisha programu kimyakimya: hifadhi inaandika, na wewe unayetaka kufungua kitabu unapanga foleni.

RAM inafuata. Android ya siku hizi pamoja na huduma za Google hula karibu GB 2 kabla hujagusa chochote. Mwenye GB 3 anabakiwa na kama GB 1, na Chrome peke yake yaweza kuimaliza. Mfumo unalazimika kuziua programu ulizoziacha nyuma ili kupisha ile unayoitazama. Usidanganywe na maandishi ya "4+4" au "8+8" kwenye boksi. Nusu ya pili si RAM. Ni kipande cha hifadhi kilichoazimwa, na kwenye eMMC kipande hicho ni cha polepole sana.

Halafu kuna chipu, ubongo wa tableti. Muuzaji atakuambia "ina kori nane", yaani vichakataji vinane ndani ya chipu moja, na atakuwa anasema kweli, lakini kori si sawa kwa sawa. Helio P22T iliyo ndani ya Galaxy Tab A7 Lite ina kori nane za Cortex-A53, muundo uliotangazwa 2012. Unisoc T610 ya Nokia T20 ina mbili za A75, muundo wa 2017, na sita ndogo. Helio G99 ina mbili za A76, Snapdragon 695 ina mbili zilizotokana na A78 ya 2020. Unachokihisi kidoleni ni zile kori mbili kubwa; hizo sita hushughulikia kazi za pembeni.

Chipu dhaifu ikipewa skrini kubwa, mambo huwa mabaya zaidi. Pikseli 2000 kwa 1200 ni milioni 2.4 za kuchora kila mara unaposogeza ukurasa, ilhali 1340 kwa 800 ni kama milioni moja tu. Skrini nzuri juu ya chipu ya chini ni mzigo. Ongeza joto la mchana la Kisumu, tableti iko kwenye chaja na mkutano wa Google Meet unaendelea, na chipu itajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue.

Mpangilio wetu

Ya kwanza ni Samsung Galaxy Tab A9+, lakini lile toleo la RAM GB 8 na hifadhi GB 128 tu (8/128). Ilitoka 2023 ikiwa na Snapdragon 695, skrini ya inchi 11 ya pikseli 1920 kwa 1200 inayojichora mara 90 kwa sekunde, betri ya mAh 7040, spika nne, na nafasi ya kadi ya kumbukumbu. Si ya kifahari, ila inafungua PDF kubwa bila kusitasita na inaweza kugawa skrini, kitabu upande huu, daftari upande ule. Toleo la 4/64 lina mwili uleule na bei ya kuvutia, lakini ukigawa skrini utaona linavyojikokota. Ukikosa pesa za 8/128, subiri mwezi mwingine au shuka kwenye ile ndogo tunayoitaja hapa chini. Kabla ya kulipa soma namba ya modeli: SM-X210 ni ya Wi-Fi peke yake, SM-X216 inaingia laini. Anayeishi mahali pasipo Wi-Fi, tuseme Butere au Njoro ndani, atatumia data ya simu kila siku kwa X210, na betri ya simu ndiyo itakayoumia.

Ya pili ni iPad ya kizazi cha tisa, ya 2021, iliyotumika. Kwa kasi ndiyo ya kwanza. Chipu yake ni A13, ile ya iPhone 11, na iPadOS 26 iliyotoka 2025 bado inaipokea. Tumeishusha kwa sababu hifadhi ya GB 64 haiongezeki, kebo yake ni ya Lightning, na soko la mitumba lina mitego. Mtego mkubwa ni huu: iPad ya kizazi cha 7, cha 8 na cha 9 zote zina skrini ya inchi 10.2 na mwili unaofanana, na ya 7 yenye chipu ya A10 huuzwa kwa jina la ya 9. Igeuze, soma maandishi madogo ya mgongoni. Za Wi-Fi ni A2197 kwa ya 7, A2270 kwa ya 8 na A2602 kwa ya 9. Ukikuta iPad Air 2 kwa bei tamu iache hapo hapo. Ilikwama kwenye iPadOS 15 na ina RAM GB 2.

Ya tatu ni Galaxy Tab A9 ndogo, inchi 8.7, Helio G99, mAh 5100. Hapa pikseli ni chache na chipu ni ya kutosha, kwa hiyo hata toleo la 4/64 linavumilika kwa mtoto anayesoma na kutazama masomo. La 8/128 ni bora zaidi. X110 ni ya Wi-Fi, X115 ina laini. Kwa muuza duka au mhudumu anayezunguka na fomu za kujaza, hii yenye laini inashinda hata ya kwanza, maana inashikika kwa mkono mmoja.

Ya nne ni Redmi Pad SE ya inchi 11, na hii ndiyo inayotusikitisha. Alumini, spika nne, mAh 8000, skrini ya kasi ya 90, yaani mwili wa tableti ya bei ya juu. Kisha ndani wameweka Snapdragon 680 na hifadhi ya eMMC 5.1. Kwa filamu na kusoma ni nzuri sana, na betri inakaa. Ila ukisakinisha programu huku unatumia nyingine, inasimama. Chukua ya RAM GB 6 au 8, usiguse ya 4. Haina laini, na inachaji kwa wati 10 tu, kwa hiyo ikiisha kabisa hesabu karibu saa nne za stima, jambo la kulifikiria mahali umeme unapopotea jioni. Ndugu yake mkubwa, Redmi Pad ya 2022, ana Helio G99 na UFS 2.2. Ukimpata wa GB 6 akiwa mzima, mchukue umwache huyu.

Lenovo Tab M11 inafuata, kwa anayetaka kalamu ya kuandikia hesabu. Helio G88 yake haina haraka.

Zisizofaa: Tab A7 Lite ya 3/32, Nokia T20 ya 3/32, na tableti yoyote mpya isiyo na jina inayodai GB 16 na 512 kwa chini ya shilingi 15,000. Hizi za mwisho huwa zimechezewa kwenye mfumo ili ukurasa wa mipangilio uonyeshe namba za uongo. Ndani mara nyingi kuna chipu kama Allwinner A133 au Rockchip RK3326, na RAM halisi ya GB 2.

Dakika kumi na tano kwenye kaunta

Usilipe M-Pesa kabla ya kufanya haya. Unganisha tableti na hotspot ya simu yako, usakinishe programu ya CPU-Z, uangalie jina la chipu na RAM. Ukiona A133 au RK3326, rudisha. Namba za hifadhi zinaweza kughushiwa, kwa hiyo njoo na flashi yenye faili la GB 2 na adapta yake, ulinakili ndani kisha ulicheze likiwa ndani, ukiruka mpaka mwisho. Hifadhi ya uongo inaweza kukubali faili halafu ikashindwa kulisoma, ingawa faili moja likicheza vizuri bado si uthibitisho kwamba hifadhi yote ni ya kweli.

Tableti mpya kabisa huwa nzito saa ya kwanza kwa sababu inasasisha mambo yake, kwa hiyo ingia Play Store usimamishe masasisho kwanza. Kisha fungua Chrome, YouTube, kamera, PDF na ramani, moja baada ya nyingine, na urudi ile ya kwanza. Ikikuonyesha ukurasa pale pale ulipouacha, RAM inatosha. Ikianza upya, umeshajibiwa. Mwisho andika aya nzima kwa vidole viwili, haraka, huku ukitazama kama herufi zinakufuata.

Kwa ile ya mitumba, ex-UK au ya mkononi, mwambie muuzaji aifute kabisa kupitia mipangilio na uianzishe wewe hapo hapo. Ikidai akaunti ya mtu mwingine, au ikitaja jina la shule au kampuni inayoisimamia, si yako hata ukiilipia. Iliyochukuliwa kwa lipa pole pole na haijamalizwa hufungwa kwa njia hiyo hiyo, na fundi akikuahidi kuifungua, kufuli laweza kurudi baadaye. Betri ipime hivi: mwangaza juu kabisa, video dakika 15. Ikishuka zaidi ya asilimia 5, imechoka.

Yenye laini, bonyeza *#06# pale kwenye kipiga simu ikiwa ipo, au tafuta IMEI (namba ya utambulisho wa kifaa) ndani ya mipangilio, uilinganishe na boksi na uitake iandikwe kwenye risiti. Risiti nyingi zina mstari wa kwamba bidhaa zikiuzwa hazirudishwi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu, kwa hiyo muombe muuzaji aandike kwa mkono RAM, hifadhi na siku za kurudisha. Anayekataa kuandika GB 8 baada ya kusema GB 8 amekusaidia kuamua.

Kama umeshainunua na inaganda

Iache usiku kucha kwenye Wi-Fi na chaja mpaka masasisho yaishe, asubuhi uizime na kuiwasha. Hapo baadhi hupona.

Isipopona, tazama hifadhi. Iliyojaa huandika polepole, kwa hiyo acha angalau asilimia 20 wazi. Mlaji mkubwa kwa kawaida ni magrupu ya WhatsApp. Zima kujipakua kwa picha na video kwenye mipangilio yake. Kadi ya kumbukumbu iwe ya picha na PDF, usiifanye sehemu ya hifadhi ya ndani, kwa maana ni ya polepole kuliko hata eMMC. Facebook itumie ndani ya Chrome, uondoe programu yake.

Kwa Samsung, ingia sehemu ya kutunza kifaa, kwenye kumbukumbu, uzime RAM Plus, ile RAM ya kuazima kwenye hifadhi, utumie siku moja na kulinganisha. Kisha nenda kuhusu tableti, uingie "Software information", ugonge mara saba panapoandikwa "Build number", urudi nyuma uingie chaguo za wasanidi zilizojitokeza, na vipimo vyote vitatu vya uhuishaji uvishushe kutoka 1x hadi 0.5x. Chipu haitaongezeka nguvu, lakini uhuishaji wa kila dirisha utachukua nusu ya muda, na mkono unalihisi hilo mara moja.

Ukilazimika kuifuta yote na kuanza upya, usirudishe nakala nzima ya zamani. Sakinisha programu tano unazozihitaji, na zile nyingine zingoje mpaka siku utakapozitafuta.