Grili ya gesi ya bomba kwa tulioko Marekani: ipi uanze nayo, ipi iwe ya mwisho

Kama nyumba yako ya huku Marekani ina gesi ya bomba, ile ile inayowasha hita na jiko la ndani, achana na kubeba mitungi ya propani, maana mtungi huwa unaisha wakati mbuzi bado ana damu na wageni washakaa. Ila kabla hujatoa kadi nenda uani uangalie kama kuna koki ya gesi, kuita fundi mwenye leseni avute bomba mpaka nje kunaweza kula hela ya maana.

Namba moja kwangu ni Weber Genesis ya bana tatu (bana ni vile vichomeo vinavyotoa moto), ile iliyotengenezwa kwa gesi ya bomba. Moto unasambaa vizuri, paja la kuku la pembeni linaiva sambamba na la katikati, na ina sehemu ya moto mkali inayokupa mishkaki iliyoungua kidogo juu na ndani bado ina maji yake.

Mbili ni Napoleon Prestige 500, ya Wakanada. Ina bana ya infraredi (inayochoma kwa joto la mionzi) nyuma ya kuzungushia kuku mzima, na kwa kuku hiyo haina mpinzani, ila bei yake imechangamka ndo maana nimeishusha. Kama kila wikiendi jumuiya inakusanyika kwako, chukua hii.

Tatu Weber Spirit, ndogo, familia ya watu wanne inawatosha kabisa.

Mwisho ni zile za bei chee za propani ambazo unanunua pembeni vifaa vya kuibadilisha itumie gesi ya bomba, kama baadhi ya Char-Broil. Hapa naomba mnisikilize jamani. Futi moja ya ujazo ya gesi ya bomba inatoa joto kama BTU 1,000 (BTU ni kipimo cha joto), propani kama 2,500, kwa hiyo grili ya bomba inahitaji tundu kubwa zaidi la kupitishia gesi, ukiunga ya propani kwenye bomba hivihivi utapata kamoto hafifu hata samaki haivi, na ukifanya kinyume chake moto unakuwa mkubwa kupita kiasi, hatari tupu. Tumia vifaa vya kampuni ileile na modeli ileile tu. Weber wao wanakataza kabisa kubadilisha, chagua aina ya gesi tangu dukani.

Dukani beba sumaku. Stenlesi (chuma kisichoshika kutu upesi) ya daraja la 304 sumaku haiishiki au inashika kidogo sana, ya 430 inang'ang'ania na ndo inayowahi kutu. Namba kubwa ya BTU kwenye boksi isikuzuzue, shika mfuniko, ukiwa mwepesi joto halikai.

Ukishaunga, paka povu la sabuni kwenye maungio yote, fungua koki bila kuwasha, ukiona mapovu yanavimba funga hapohapo umwite fundi. Na iweke mbali na ukuta wa vinyl (plastiki), unayeyuka.