Unga wa kuongezea kwenye sabuni: kwa maji baridi usijisumbue

Mashati meupe ya pamba hayafubai kwa uchafu wa kuvaliwa tu. Mengi hufubalia humo humo kwenye maji ya kufulia: uchafu unatoka kwenye shuka unahamia kwenye shati, na maji yakiwa magumu ndiyo basi kabisa, maana madini yake yanaidhoofisha sabuni. Kwa hiyo kopo la unga huu sikulisoma mbele, penye picha ya shati linalometameta. Nilianza nyuma, kwenye viambato.

Kuna pakaboneti ya sodiamu, TAED (kiamsho cha hiyo pakaboneti), vimeng'enya (vya kuvunjavunja uchafu), CMC (selulosi iliyogeuzwa ili iyeyuke kwenye maji) na ving'arishi. Pakaboneti ndiyo injini. Ikikutana na maji hutoa peroksaidi ya hidrojeni, na hiyo ndiyo inayovunja rangi ya doa. Ila inataka joto. Kwenye maji ya bomba, unga wangu ulishuka chini ukatulia kama mchanga, na ukosi ukabaki na mstari wake wa njano. Kwenye maji ya nyuzi 60, vipovu vidogo vilianza kupanda kutoka kwenye mshono wa ukosi wenyewe, na nilipokuja kusuuza mstari ulikuwa haupo. TAED imewekwa ili kazi ifanyike hata kwenye nyuzi 40. Inafanyika, ila loweka muda mrefu zaidi.

CMC haitajwi popote kwenye tangazo, nami naona ndiyo yenye thamani kuliko vyote. Inajishika kwenye pamba na kuzuia uchafu uliokwisha kutoka usirudi. Shuka zangu hazijawa nyeupe kuliko zilivyonunuliwa, ila zimeacha kugeuka kijivu.

Ving'arishi sivipendi sana. Havitoi uchafu, vinanasa mwanga wa urujuanimno, usioonekana kwa macho, na kuurudisha ukiwa buluu, jicho likadhani nguo imetakata. Blauzi yangu ya rangi ya krimu imeharibika mvuto wake hivyo hivyo.

Kifuniko nacho ni kibovu. Kinaingiza unyevu, unga unaganda na kupoteza nguvu. Uhamishie kwenye chombo kikavu. Lakini ukishauchanganya na maji usiufungie kwenye chupa: gesi itajaa, chupa ipasuke.

Kwa mashati, taulo na shuka nitaununua tena. Sufu na hariri usizipitishe humo. Hizo ni protini, na kimojawapo cha vimeng'enya vyake kazi yake ni kula protini.